Bawa la Kushoto la Bibi Harusi

Habari kwamba bawa la marehemu mkewe ndilo lililoiangusha ndege, Koili aliipata kwa mama muuza vocha. Hakuipata kwa Mwenyekiti wa klabu, wala kwa Rubani, shemeji yake, ambaye ndiye aliyekuwa ameshika rimoti. Aliipata dirishani, akisubiri chenji.

"Pole, baba," mama wa vocha alisema. "Nasikia kile kindege chenu cheupe kilikunjika bawa huko huko juu. Wanasema kitambaa hakikushika. Si ndicho alichokivuta marehemu akiwa mgonjwa?"

"Nani anasema?"

"Watu tu, baba."

"Watu wana majina."

"Mimi nauza vocha, baba yangu. Majina sina."

Koili akaiacha chenji pale pale, akaondoka. Habari mbaya ya mtu huzunguka mtaa mzima kwanza, ikishiba ndipo humfikia mwenyewe.

Siku ndege ilipoanguka, siku ya wageni, alikuwepo, lakini hakuona. Klabu ilikuwa ikirushia ndege zake kwenye uwanja wa saruji wa kiwanda kilichokufa, kiwanda ambacho Koili mwenyewe alikifanyia kazi mpaka wakubwa walipokila, wakaanza na mashine, wakamalizia na mabati. Sasa kampuni nyingine imenunua eneo, na mabosi wake walikuwa wanakuja kutazama kama hawa watu na vindege vyao waachwe au wafukuzwe. Mwenyekiti alitaka wageni waone kitu. Akaiomba Bibi Harusi, ile ndege nyeupe ya Koili.

"Wewe Koili una sauti ya mamlaka," alimwambia. "Simama getini, uelekeze magari ya wageni. Pale panataka mtu mzima."

Mkubwa akikusifu, shika mfuko wako. Koili alilijua hilo, ila ndege ilikuwa mikononi mwa Rubani, na Rubani ni tumbo moja na marehemu. Kwani angeogopa nini? Akasimama getini, akawaambia wenye magari waende kushoto, warudi nyuma, wasizibe njia. Akaiona ndege ikichomoza juu ya paa la ghala, na moyo wake ukashtuka kabla hajajua kwa nini. Ilikuwa ikienda mbio kuliko inavyokwenda siku zote. Bibi Harusi huvuma kama nyuki aliyeshiba. Siku ile alilia kama msumeno wa umeme. Halafu kikafuka kimoshi chembamba puani kwake. Halafu akazama nyuma ya paa, na watu wakaguna kwa pamoja.

Alipofika uwanjani, akiwa ameyatelekeza magari yazibane yatakavyo, mabaki yalikuwa yameshatiwa ndani ya gunia na gunia limefungwa.

"Pole, shemeji," Rubani alisema, uso kautazamisha chini. "Imeshatokea."

Koili alidhani ni huzuni. Akalibeba gunia lake, akaenda nalo nyumbani, akalisukuma chini ya meza ya kazi bila kulifungua. Nani anafungua jeneza mara mbili?

Koili lilikuwa jina la kazi. Alikuwa fundi wa kusuka koili za waya ndani ya mota za pampu, za feni, za mashine za kusaga. Shule aliiacha angali anaandika kwa herufi kubwa tupu, na hakuwahi kuikumbuka. Ndege za rimoti zilimwingia ukubwani, baada ya kiwanda kufa, kama wengine wanavyoingiwa na pombe. Mkewe alikuwa akisema heri ndege, maana ndege haimpigi mtu.

Ilipewa jina la Bibi Harusi kwa weupe wake. Wanaklabu wengine walirusha ndege za povu, zile zinazotoka dukani ndani ya boksi: unachomeka bawa, unachomeka mkia, jioni na wewe ni mwanaanga. Ya Koili ilijengwa mezani kwa mbao nyepesi za balsa, ubavu baada ya ubavu, na juu ya mbavu pakavutwa kitambaa. Mwanzo alijaribu kuivika plastiki. Mkewe, ambaye alikuwa fundi cherehani na hawezi kuona kunyanzi akanyamaza, alisimama mlangoni akacheka mpaka akakaa chini.

"Mume wangu, hilo ni bawa au shingo ya kobe?"

Tangu hapo mabawa yakawa yake. Alikata hariri kwa mshazari ili ivutike pande zote, akaipaka gundi iliyozimuliwa, akaipitishia pasi ya uvuguvugu mpaka ikakaza, ukiigonga kwa kidole inaitika. Bawa la kulia alilimaliza akiwa mzima. La kushoto alilifanyia kitandani, mto mgongoni, bawa mapajani, ugonjwa ukiwa umeshaweka kambi. Koili alimwambia apumzike.

"Nikipumzika nitafikiria," mkewe alijibu. "Nipe pasi."

Alifia wodini kwa sababu mtungi wa hewa ulikuwa stoo, na mwenye ufunguo wa stoo alikuwa kwenye kikao. Ndivyo Koili alivyoambiwa, na ndivyo alivyomsimulia kila mtu aliyemletea pampu. Kikao! Mtu anakata roho, wao wana ajenda. Kuanzia siku hiyo Koili hakumwamini mwenye cheo yeyote, kutoka mwenye muhuri wa mtaa mpaka mwenye filimbi uwanjani.

Ndege ikabaki haina mota. Baada ya msiba kwisha na majirani kurudi kwao, Rubani ndiye pekee aliyeendelea kuja. Macho ya Koili hayakuwa tena ya kufuata kitu angani, kwa hiyo walikubaliana: Koili atachagua na kufunga, Rubani atarusha. Jioni moja akaja na mota mbili, zile za kisasa zisizo na brashi, moja nyembamba, nyingine nene fupi kama kizibo cha chupa ya chai.

"Hii nyembamba ina mbio, shemeji," alisema. "Ukiipa volti moja inazunguka zaidi ya mara elfu mbili kwa dakika. Hii nene, mia tisa tu."

"Bibi harusi anakimbilia wapi? Leta nene."

"Na propela?"

"Mota ya mbio huvishwa fupi, ya polepole huvishwa ndefu. Lori na pikipiki hawaazimani tairi. Leta ile ya inchi kumi na mbili."

"Betri seli tatu au nne?"

"Tatu."

"Nne ina nguvu zaidi."

"Na hizo nguvu zinakwenda kuliwa na nani? Sikiliza, bwana. Mota haina mdomo. Ukiipa propela kubwa na volti nyingi kwa pamoja haisemi nimechoka, itavuta umeme tu mpaka kitu kiungue. Na kinachotangulia kuungua ni hiki." Aligonga kwa ukucha spidi kontrola, kile kibati kinachokaa kati ya betri na mota na kugawa umeme. "Hiki hiki ndicho kinacholisha masikio ya ndege. Kikifa, bonyeza rimoti mpaka kidole kiote sugu, ndege haikusikii."

"Kwa hiyo ukiongeza seli..."

"Unapunguza propela. Ukishindwa kukumbuka hilo, karushe kishada."

Wakacheka. Kisha Koili akafanya jambo ambalo klabu nzima ilimcheka nalo baadaye. Wenzake wote walitumia plagi za njano bapa, ili betri ya yeyote iingie kwenye ndege ya yeyote. Yeye akalehemu plagi za mviringo za kizamani, moja kwenye ndege, mwenzake kwenye betri yake ya seli tatu, ili asije mtu na betri nyingine akachomeka kwa kiherehere. Alimwachia Rubani alehemu waya mmoja, kwa kujifunza. Rubani alikuwa na haraka ya kuondoa pasi ya kulehemu kabla risasi iliyoyeyuka haijatulia, kwa hiyo kila kiungo chake kiliota kijimkia.

"Kazi yako yote ina mkia wa panya," Koili alimtania. "Siku ukiiba umeme watakukamata kwa mkia."

Jioni ya ile siku ya vocha, binti yake akapiga simu. Alikuwa ameolewa upande wa pili wa mji, na ndiye aliyerithi cherehani ya mama na wateja wa mama.

"Baba, ni kweli?"

"Ni kweli nini?"

"Bawa la mama."

"Nani kakuambia?"

"Mjomba. Nilimbana mwenyewe, hakutaka kusema. Kasema tusimlaumu mama, mikono yake ilikuwa imeshachoka. Baba, si nilikuambia? Nilikuambia umwache apumzike. Ulimpa mgonjwa kazi. Pumzi zake za mwisho akazimalizia kwenye kitambaa, na kitambaa chenyewe kumbe hakikushika."

"Mama yako hakuchoka mikono."

"Sasa nini kiliiangusha?"

Koili alitazama chini ya meza, gunia lilipo.

"Jumapili nakuja kuchukua vitu vya mama vilivyobaki," binti alisema. "Sitaki vikae huko."

Simu ikakatika. Koili alikaa na kile kisimu mkononi. Kufiwa alishafiwa, akajua namna ya kukaa nako. Hili lilikuwa jipya: kwamba zile siku za mwisho, mkewe akigonga hariri kwa kidole na kusema sikia, sikia inavyoitika, sasa ziwe siku ambazo mume alimtesa mgonjwa kwa kazi ya bure. Kama bawa lilikunjika, basi binti ana haki. Akainama, akalivuta gunia.

Bawa la kulia lilikuwa limevunjika, lakini limevunjika kutokea nchani, vumbi la saruji limeingia kwenye hariri kama lililosagwa. Propela ilikuwa ile ile ya inchi kumi na mbili, imepasuka upande mmoja. Bawa la kushoto lilikuwa zima. Zima kabisa! Aliligonga, likaitika. Kisha akafika kwenye pua ya ndege, na harufu ikamfikia kabla ya macho. Kwa fundi wa mota ile harufu ni kama kwa daktari kuona maiti. Spidi kontrola ilikuwa imegeuka mkaa. Akafuata waya wake kwa vidole kurudi nyuma, kuelekea kwenye betri.

Plagi ya mviringo haikuwepo. Mahali pake palikuwa na ya njano, bapa, ya klabu. Mtu ameikata ile ya mviringo akalehemu hiyo, ili betri ya seli nne iingie, na propela kubwa akaiacha pale pale.

"Mwenyekiti," Koili alisema kwa sauti, peke yake chumbani, na kwa kweli alisikia nafuu. Alikuwa na hasira iliyokaa tayari siku nyingi, inasubiri tu pa kuwekwa.

Akaisogeza plagi chini ya taa. Kwenye waya mwekundu, mahali risasi ilipoishia, palikuwa na kijimkia. Kwenye mweusi, kingine.

Akakaa sakafuni. Kwa Mwenyekiti alikuwa ameshaandaa matusi yake yote, ya kila saizi. Kwa Rubani hakuwa ameandaa hata moja.

Kesho yake alimfuata Mwenyekiti dukani kwake, duka la vigae na masinki. Alimkuta amekaa juu ya choo kipya cha maonyesho, kifuniko kimeshushwa, anakunywa soda.

"Oo, Koili! Karibu kiti."

"Nitasimama. Nani aliruhusu plagi ikatwe?"

Mwenyekiti alimeza, akaitazama chupa. "Uongozi ulifanya maboresho kidogo."

"Maboresho."

"Kwa faida ya wote. Ndege yako inaelea kama mfuko wa nailoni, ndugu yangu. Wale ni watu wa kampuni, wanataka kuona kasi. Tukaongeza seli moja."

"Na propela hamkupunguza."

"Rubani alisema apunguze. Nikamwambia ile fupi itaonekana kama feni ya mdoli. Kumbe ni jambo la kitaalamu zaidi, sawa, tumejifunza."

"Mmejifunza. Halafu mkasema bawa."

"Wageni waliuliza pale pale, imekuwaje? Ningejibu uongozi umekosea? Tungekuwa nje ya uwanja siku hiyo hiyo." Mwenyekiti akapunguza sauti, kwa wema, kama mtu anayefunika mtoto shuka. "Koili, marehemu hadhuriki na kitu tena. Tulio hai ndio tunaohitaji uwanja. Hata shemeji yako kaelewa. Wale wa kampuni walimpenda, wamemchukua, ataanza kuwarushia vile vyombo vya kupiga picha mashamba. Kazi ya mshahara! Sasa unataka kumharibia ndugu wa mkeo? Tulia. Klabu itakupa ndege nyingine, ya povu, nzuri tu."

Koili alimtazama pale alipokaa.

"Usihame hapo," alisema. "Umepatia kiti chako."

Akatoka. Njiani alitembea haraka, akiwatukana wakubwa wote mmoja mmoja kwa utaratibu, na kila alipomaliza mmoja alijikuta amerudi kwa yule asiye na cheo chochote. Mkubwa kukuuza ni kazi yake, hata kuku anajua. Lakini aliyekushika mkono kaburini?

Jumapili binti alikuja, na hakuja peke yake. Alimleta mjomba wake amsaidie kubeba mizigo. Rubani aliingia uani akiwa na tabasamu la mtu anayeingia duka analodaiwa, akasimama karibu na geti.

"Shikamoo, baba," binti alisema bila kumtazama sana. Halafu akaiona meza ya kazi imetolewa nje. Bawa la kushoto lilikuwa limebanwa mezani kwa jiriwa upande wa shina, sehemu nyingine yote inaning'inia hewani, limegeuzwa tumbo juu. Pembeni palikuwa na vifuko vya mchanga.

"Hii nini?"

"Bawa la mama yako. Nimelipindua kwa sababu hewa hulisukuma kutoka chini kwenda juu. Sasa mchanga utakuwa hewa." Koili alimpa kifuko kimoja. "Kila kifuko nimekipima, ni uzito wa ndege nzima. Angani bawa moja hubeba nusu ya ndege. Weka."

"Baba, sikuja kwa ajili ya..."

"Weka, mwanangu. Likivunjika, mimi nitakubebea vitu vya mama yako mpaka kwako, na sitasema neno."

Binti akaweka. Bawa halikufanya kitu. Akamtazama baba yake, akaweka cha pili. Ncha ikashuka kidogo, hariri ikakaza zaidi, unaweza kuona mbavu zikijichora chini yake.

"Shemeji, mnaliharibu bure," Rubani alisema kutoka getini. "Limebaki hilo tu la kumbukumbu."

"Weka cha tatu," Koili alisema.

Cha tatu binti alikiweka kwa mikono miwili, taratibu, kama anayelaza mtoto. Mbao ikatoa mlio mdogo. Bawa likapinda, likatulia hapo. Binti akasogeza uso karibu, akatazama mishono ya gundi ukingoni kwa macho ya fundi, akapitisha kidole kwenye mkunjo wa mwisho, pale mama yake alipokata hariri na kuikunja ndani ili isichanike.

"Hajaacha hata sehemu moja," alisema polepole. "Kakunja mpaka nchani." Akachukua kifuko cha nne mwenyewe, bila kuambiwa, akakiweka. Bawa likabeba. "Sasa nini kiliiangusha?"

"Muulize aliyeshika rimoti."

Binti akageuka. "Mjomba?"

Rubani alikuwa akichezea komeo la geti, analifungua, analifunga. "Mwenyekiti alisema..."

"Sijakuuliza Mwenyekiti alisema nini."

"Betri," Rubani alisema. "Tuliweka seli nne. Plagi nilikata mimi." Akaliacha komeo. "Nilipanga nivute nusu gesi tu, shemeji. Kwa nusu gesi ingestahimili, wewe mwenyewe unajua ingestahimili. Nilimwambia. Lakini alinisimamia begani, wageni wanapiga picha, yeye ananiambia vuta, vuta yote, wewe mwanaume gani? Nikavuta. Nikaona moshi. Nikabonyeza kila kitu, haikunisikia."

"Na bawa?"

"Mabawa yote mawili yalikuwa mazima mpaka ndege ilipogusa saruji."

Binti aliweka mkono juu ya meza, kama mtu aliyesimama ndani ya gari. "Nilikupigia simu nalia," alisema. "Ukaniambia mikono ya mama ilikuwa imechoka."

"Nilishasema kwa wageni. Ningekuambia wewe tofauti, ingekuwaje?"

"Ingekuwa kweli."

Ng'ambo ya ukuta jirani alikuwa anapiga zulia, pu, pu, na kila pigo lilionekana kama linasubiri mtu aongee. Koili alikuwa amejiandaa kufoka. Usiku uliopita alikuwa amejipangia maneno, mengine yenye meno. Sasa alimtazama huyu mtu mwenye paji la uso la mkewe, na nyusi za mkewe, na hakuona pa kuyapeleka.

"Klabu inakutana Jumamosi," alisema. "Utasimama useme haya uliyoyasema hapa?"

Rubani alitazama bawa, hakumtazama yeye. "Kazi yenyewe naanza mwezi ujao, shemeji. Umri huu wangu sijawahi kushika mshahara. Nikisema, Mwenyekiti anawapigia wale simu moja tu. Dada angenielewa. Unajua dada alivyokuwa. Angenisamehe."

"Angekusamehe," Koili alikubali. "Ndiyo maana ulimchagua yeye wa kumtwisha. Mimi nisingekusamehe, Mwenyekiti asingekusamehe. Ukatafuta mwenye moyo, ukamkuta kaburini."

Rubani akaanza kulia. Alilia vibaya, kama wanaume wanavyolia, kwa pua zaidi kuliko kwa macho. Kisha, labda kwa kutaka mikono yake ifanye lolote, akasogea mezani, akanyoosha mkono aondoe kifuko cha juu.

"Nisaidie kuvi..."

"Usiguse," binti alisema.

Mkono ukabaki hewani. Binti hakupandisha sauti. "Mizigo sitabeba leo, mjomba. Vitu vya mama vitakaa hapa hapa kwa baba. Nenda tu."

Rubani alimtazama Koili, kama ilivyo desturi ya mtu aliyefukuzwa na mdogo, kutafuta mkubwa amwombee. Koili alikuwa ameinama anakagua jiriwa. Geti likafunguka, likafungwa, na komeo halikurudishwa. Walimsikia akitembea, hatua za mtu asiye na haraka, mpaka sauti ya zulia ikamfunika.

Binti alisimama pale pale, macho kwenye geti.

"Jumamosi nitakwenda na wewe kwenye hiyo klabu yenu," alisema mwishowe.

"Hawatatusikiliza. Watasema hakuna kwenye ajenda."

"Watasema tukiwa tumeshasema." Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Baba, yule mimi nimwite nani sasa?"

Koili alilifikiria swali hilo. Marehemu hakuwa na ndugu mwingine. Alifikiria mpaka akachoka, na bado bawa lilikuwa limebeba, ncha imeinama, linangoja.

"Pita upande ule," alisema. "Tunaanza kutoa vya nchani, tunarudi shinani. Polepole, lisije likashtuka."